Jina la aina kwenye mfuko wa kahawa: tuandike nini, tuache nini?



Katika mikutano yetu na walimaji wa kahawa wa Mahagi, Djugu na Irumu, swali moja linarudi mara mingi: «Mnunuzi anauliza kahawa yetu ni ya aina gani. Tuandike nini kwenye mfuko?» Mmoja anasema tuandike Arabica, basi. Mwingine anataka Blue Mountain, juu jina lile liko na bei. Wa tatu anasema baba yake alipanda Bourbon wakati wa Wabelgiji, kwa hiyo iandikwe Bourbon. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, na wote watatu wanaweza kuharibia koperative nzima soko.

Jina kwenye mfuko ni ahadi. Mnunuzi wa Antwerp hawezi kuja kuona shamba lako kule Rethy au Nioka. Anasoma jina, anaonja sampuli, anatuma pesa. Akikuta kwamba jina na kitu ndani ya mfuko haviendi pamoja, hatakasirikia mtu mmoja aliyechanganya. Atakasirikia koperative, na mara nyingi atasema tu: «Kahawa ya Ituri haiaminiki.» Ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili pole pole.

Majina matatu ambayo watu wanachanganya

Tuanze na kutenganisha. Kwenye kahawa kuna majina ya namna tatu, na kila moja linajibu swali lake.

La kwanza ni jina la mti wenyewe, yaani Arabica au Robusta. Hii ni miti miwili tofauti, kama vile mbuzi na kondoo. Arabica inapenda baridi ya milima, kama kule Mahagi na sehemu za juu za Djugu. Robusta inapenda joto la chini, kama Mambasa na sehemu za Irumu. Arabica iko na kromosomu 44, Robusta iko na 22, na Robusta iko na kafeini karibu mara mbili ya Arabica. Labo inaweza kuzitofautisha hata kama kahawa imekwisha kukaangwa na kusagwa, juu Robusta iko na mafuta fulani ambayo Arabica karibu haina.

La pili ni jina la aina ndani ya mti mmoja. Katika Arabica ya milima yetu watu wanataja Blue Mountain, Bourbon, Mibirizi, Jackson, Rumangabo, Caturra, Catimor. Hapa ni kama mihogo: yote ni mihogo, lakini mama shambani anajua ipi ni tamu na ipi ni chungu.

La tatu ni jina la mahali au la daraja. Biashara ya Congo iko na madaraja kama Kivu 2, Kivu 3 na Kivu 4. Hayo hayasemi kahawa ni aina gani. Yanasema punje ziko namna gani, kasoro ni ngapi, imetayarishwa vipi. Mtu anayesema «mimi ninalima Kivu 3» anachanganya jina la mti na jina la daraja. Hakuna mche wa Kivu 3.

Ugumu unakuja juu majina mengi ya aina yalitoka kwenye mahali. Bourbon ni jina la zamani la kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi. Mibirizi ni misioni moja ya Rwanda ambako miche kutoka Guatemala ilipandwa karibu mwaka 1910. Rumangabo iko hapo Kivu ya Kaskazini. Jackson ni jina la mlimaji mmoja wa India ambaye aina ile ilipatikana shambani kwake. Na Blue Mountain ni milima ya kule Jamaica. Tutarudi kwa hiyo, maana ndiyo iko na hatari kubwa zaidi.

Wenzetu wa zabibu walipita njia hii mbele yetu

Watu wanaolima zabibu na kutengeneza divai walikutana na swali hili zamani. Chupa iko na etiketi ndogo, na mnunuzi anataka kujua ndani kuna zabibu gani: Chardonnay, Syrah, Chenin? Wauzaji wengine waliandika jina lenye sifa na kutia zabibu za bei ya chini. Basi serikali ziliweka sheria zenye hesabu, na hesabu zile zinaweza kutufundisha.

Katika Umoja wa Ulaya, chupa ikitaja aina moja ya zabibu, walau asilimia 85 ya divai iliyo ndani inatakiwa kutoka kwa aina ile. Ikitaja aina mbili ao zaidi, basi divai yote, asilimia 100, inatakiwa kutoka kwa aina zilizotajwa, na zinaandikwa kwa kufuata wingi: iliyo nyingi inatangulia, iliyo kidogo inafuata. Tena herufi ziwe na ukubwa mmoja, ili mtu asiandike jina tamu kwa herufi kubwa na lile lingine kwa herufi za sisimizi. Afrika ya Kusini nayo inatumia asilimia 85. Marekani inaomba asilimia 75, na kama aina ni mbili ao zaidi, inaomba kila moja iandikwe na asilimia yake.

Hata karibu na sisi kuna mfano. Kule Dodoma, Tanzania, walimaji wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Moja ya aina zao inaitwa Makutupora, jina la mahali palipo kituo cha utafiti wa zabibu. Pembeni yake wanalima Chenin Blanc na Syrah zilizotoka Ulaya. Kumbe hata Mwafrika wa Mashariki anaweza kuwa na aina yenye jina la kwao, na kuliweka kwenye chupa bila kukopa jina la mtu.

Kwa kahawa hatuna sheria ya namna ile inayosema «aina hii, asilimia hii». Kinachofanya kazi ni kanuni ya jumla ya nchi zinazonunua: etiketi isimpotoshe mnunuzi. Hiyo haimaanishi kwamba tuko huru zaidi. Inamaanisha kwamba mnunuzi akisoma «Bourbon» bila neno lingine, ataelewa kwamba mfuko wote ni Bourbon. Kama ni nusu, umempotosha.

Jina la aina ambalo ni shamba la mtu mwingine

Sasa turudi kwa Blue Mountain.

Mti tunaoita Blue Mountain hapa kwetu ni Arabica ya ukoo wa Typica. Uliletwa kutoka upande wa Jamaica, ukapandwa Kenya, ukafika Kivu na Ituri. Mlimaji wa Mahagi anayesema «nilipanda Blue Mountain» hasemi uongo. Ndilo jina alilopewa pamoja na miche, tangu pepinyeri.

Lakini huko Jamaica jina lile ni la mahali. Sheria yao inasema kahawa inayoitwa Jamaica Blue Mountain ni ile tu iliyolimwa ndani ya eneo lililopimwa la milima ile. Wameliandikisha jina kama alama yao katika nchi mingi, na wanalilinda, juu kahawa yao ni moja ya zile za bei ya juu sana duniani. Koperative ya Ituri ikipiga muhuri wa «BLUE MOUNTAIN» kwa herufi kubwa mbele ya mfuko, mnunuzi wa mbali anaweza kufikiri mambo mawili: ao hii ni kahawa ya Jamaica, ao watu hawa ni wadanganyifu. Yote mawili ni mabaya kwetu.

Tena kuongeza neno kama «aina ya» ao «mtindo wa» mara nyingi hakuokoi. Sheria ya Ulaya juu ya majina ya mahali yaliyolindwa inakataza kutumia jina hata kama limefuatana na maneno ya namna ile.

Watu wa zabibu walipigwa na jambo hili hili. Kule Friuli, Italia, walimaji walikuwa na zabibu iliyoitwa Tocai tangu mababu. Lakini Tokaj ni eneo la Hungaria lenye divai yake maarufu. Mwaka 1993 Ulaya na Hungaria zilipatana, na baada ya tarehe 31 Machi 2007 Waitalia wale walitakiwa kuacha jina Tocai kwenye etiketi. Sasa wengi wanaandika Friulano. Zabibu ni zile zile, shamba ni lile lile, jina limebadilika.

Prosecco ni mfano wa kinyume. Lilikuwa jina la zabibu, na kuna pia kijiji kinachoitwa Prosecco. Mwaka 2009 Waitalia waliamua Prosecco liwe jina la eneo linalolindwa, na zabibu yenyewe wakaiita Glera. Walifanya hivyo ili mtu wa nchi nyingine asipande zabibu ile kwake na kuuza «Prosecco» yake. Walijua kwamba jina la mti linaweza kusafiri na miche, lakini jina la mahali halisafiri.

Somo liko wazi: jina lenye nguvu ya kudumu ni lile la mahali pako mwenyewe. Miche ya Blue Mountain inaweza kupandwa popote. Mahagi iko Mahagi tu.

Huko Ethiopia walielewa hivyo. Waliomba Marekani iandikishe Sidamo, Harar na Yirgacheffe kama alama zao, na baada ya mvutano na kampuni kubwa ya Starbucks, mapatano yalifanyika mwaka 2007. Wakulima wa Kona, kule Hawaii, nao walikwenda mahakamani mwaka 2019 kushitaki wauzaji walioandika «Kona» kwenye kahawa isiyo ya kwao. Labo zilipima madini yaliyomo ndani ya kahawa, maana udongo wa mahali unaacha alama yake. Tuseme basi: siku hizi uongo wa jina unapimwa.

Na sisi je? Kahawa mingi ya Ituri imevuka mpaka bila jina. Inabebwa usiku kuelekea Paidha ao Arua, inachanganywa na ya kule, na inaendelea na safari ikiwa kahawa ya Uganda. Kahawa ya namna hiyo Uganda inaiita Drugar, yaani Arabica ya Uganda iliyokaushwa na ganda lake. Aliyelima kule Djugu, jasho lake limo, jina lake halimo. Kila mfuko unaotoka hapa na jina la kweli la Ituri ni hatua ya kurudisha kitu chetu.

Hesabu ya mchanganyiko

Tuchukue mfano. Tuseme koperative moja imekusanya kilo 12 000 za parche:

- kilo 9 000 kutoka mashamba ya miti ya ukoo wa Typica;
- kilo 2 000 kutoka mashamba ya Catimor;
- kilo 1 000 hazijulikani, mwanamemba alileta tu.

Wakichanganya zote katika depo moja, Typica ni 9 000 kwa 12 000, ni kusema asilimia 75. Kwa kanuni ya divai ya Marekani ingepita pembeni kabisa. Kwa kanuni ya Ulaya ingekataliwa. Kwa kufikia 85, zile kilo 9 000 zisipungue asilimia 85 ya jumla: unagawanya 9 000 kwa 0,85, unapata kilo 10 588. Ni kusema wangeweza kuongeza kilo 1 588 tu za aina nyingine, si zote 3 000.

Sisi hatuwashauri kucheza na 85. Shauri letu ni hili: mfuko unaotaja aina moja uwe na aina ile peke yake, kadiri mnavyoweza kuhakikisha. Zilizobaki zinauzwa kwa jina la ukweli, «Arabica, mchanganyiko wa aina». Hakuna haya katika neno mchanganyiko. Kahawa mingi nzuri za dunia ni mchanganyiko, na mnunuzi anayependa kikombe chako atarudi. Kinachomfukuza ni kuahidiwa kitu kingine.

Hapo kuna jambo la haki ndani ya koperative pia. Mwanamemba aliyeng'oa miti ya zamani, akapanda aina moja, akavuna matunda mekundu peke yake, anatazamia kitu juu ya kazi ile. Mwingine akileta mchanganyiko na wote wakalipwa kwa jina moja, wa kwanza atachoka. Mwaka unaofuata naye atachanganya. Koperative zinavunjika namna hiyo, pole pole, bila mtu kuiba hata franga moja.

Robusta: jina lililotoka hapa kwetu

Ndugu wa Mambasa na Irumu wasifikiri mambo haya ni ya watu wa milima tu. Jina Robusta lenyewe lina hadithi ya etiketi. Mti huu ni wa misitu ya Afrika, na wataalamu waliupa jina Coffea canephora mwaka 1897. Wakati ule ule, miche iliyotoka upande wa Lomami, hapa Congo, ilifika Bruseli katika pepinyeri moja ya biashara. Wenye pepinyeri walitaka jina la kuvutia wanunuzi, wakauita «robusta», yaani wenye nguvu. Miche ikauzwa hata Java, mwanzoni mwa miaka ya 1900, ambako ugonjwa wa kutu ulikuwa umemaliza kahawa. Mpaka leo dunia nzima inatumia jina la muuzaji, na ni wachache wanaojua kwamba mti ulitoka Congo.

Sasa, tofauti kubwa ya ufundi. Maua ya Arabica yanajizalisha yenyewe kwa sehemu kubwa sana. Ukichukua mbegu ya mti mzuri wa Arabica, watoto watafanana na mama, kama hakukuwa na mchanganyiko pembeni. Robusta haiwezi kujizalisha. Inahitaji chavua ya mti mwingine, inayoletwa na upepo na wadudu. Kwa hiyo mbegu za mti mmoja wa Robusta zinatoa watoto wa kila namna, kama watoto wa nyumba moja wanavyoachana kwa sura na tabia.

Maana yake: kwa Robusta, jina la aina linafuata kipande cha mti, halifuati mbegu. Uganda, kwa mfano, imetoa mistari inayoitwa KR, inayovumilia ugonjwa wa kunyauka, ule tunaouita trakeomikoze. Ugonjwa ule tunaujua sisi: uliua Robusta upande wa Isiro, ukashuka Ituri na Beni, na mwaka 1993 ukaonekana Uganda. Mtu akikuuzia miche anayoita KR, muulize: imezalishwa kwa vipande ao kwa mbegu? Kama ni kwa mbegu, jina lile si la kweli tena, na uvumilivu ule hauna uhakika. Hapa jina la uongo halitakunyima bei tu. Linaweza kukunyima shamba lote baada ya miaka michache.

Namna ya kujua tuko na nini shambani

Mashamba yetu hayakupandwa siku moja. Kuna miti ya wakati wa Wabelgiji, kuna ya miradi mbalimbali. Tena mtu aliyekimbia vita, siku ya kurudi anapanda miche yoyote anayoipata ili mtoto asome. Hatuwezi kumlaumu. Lakini tunaweza kuanza kuhesabu.

Alama za kutazama kwa Arabica ni hizi:

1. Rangi ya majani machanga kwenye ncha. Ukoo wa Typica, kama Blue Mountain, kwa kawaida iko na majani machanga ya rangi ya shaba. Bourbon kwa kawaida iko na majani machanga ya kijani.
2. Matawi. Typica inatupa matawi karibu sawasawa na ardhi, mti unakuwa na sura ya pembe tatu. Bourbon inainua matawi yake juu kidogo.
3. Urefu. Caturra na Catimor ni mifupi, na vifundo vya tawi viko karibu karibu. Caturra ni Bourbon iliyogeuka kuwa fupi kule Brazil. Catimor ilizaliwa kutoka Caturra na mti wa Timor ambao ndani yake mna damu ya Robusta. Ndiyo maana inavumilia kutu. Kwenye soko inahesabiwa Arabica.

Alama moja haitoshi. Tazama zote tatu, kisha uliza historia: nani alileta miche, mwaka gani, kutoka pepinyeri gani? Kila shamba lipitiwe na watu wawili, watazame miti 30 kwa kutembea pembe kwa pembe, waandike ni mingapi ya kila namna. Kama 29 kwa 30 zinafanana, shamba lile linaweza kuingia katika orodha ya aina moja, na ule mmoja unatiwa alama ili matunda yake yavunwe kando. Kama ni 20 kwa 30, ni shamba la mchanganyiko, na liandikwe hivyo.

Pale mnunuzi anapotaka uhakika wa juu, kuna labo zinazopima majani kwa njia ya ADN. Ni gharama, kwa hiyo mnunuzi anayeomba kipimo kile mwombe ashiriki katika malipo. Kwa miche mipya, nunueni kwenye pepinyeri inayofuatiliwa na SENASEM, na ombeni karatasi. Kituo cha INERA Nioka, ambacho kilianzishwa wakati wa INEAC, kiko hapo kwetu Mahagi. Pelekeni maswali yenu huko.

Basi tuandike nini kwenye mfuko?

Huu ndio mpangilio tunaoshauri, kwa mfuko wa kilo 60:

- Mbele, kwa herufi kubwa: jina la koperative, pamoja na SCOOPS ao COOP-CA kufuatana na namna mlivyoandikishwa. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ambayo nchi yetu iko ndani yake tangu mwaka 2012, inaomba jina la koperative lifuatane na namna yake kwenye hati zinazokwenda kwa watu wa nje.
- Mahali: Ituri, kisha teritware, kisha «République Démocratique du Congo». Mahagi ni Mahagi, Djugu ni Djugu. Kahawa iliyochanganywa kutoka teritware mbili iandikwe Ituri tu.
- Mti: Arabica ao Robusta.
- Matayarisho: imeoshwa, ao imekaushwa na ganda lake.
- Mwaka wa mavuno na namba ya loti.
- Aina: iandikwe tu kama mashamba yamepitiwa na loti imetengwa tangu kupokea matunda mpaka depo.

Kwa Blue Mountain, msiweke jina lile mbele ya mfuko. Liwekeni ndani ya fishi ya ufundi inayofuatana na sampuli, kwa maneno kamili: «Arabica ya ukoo wa Typica, inayojulikana na walimaji wa Ituri kwa jina Blue Mountain». Mnunuzi ataelewa, na hakuna mtu wa Jamaica atakayeumia.

Mambo yanayoandikwa kwenye mfuko yafanane na yale yaliyo kwenye hati za ONAPAC, za OCC na za karantini ya mimea. Hati moja ikisema loti 4 na mfuko ukisema loti 6, mizigo inaweza kulala mpakani, na kahawa inayolala inanywa unyevu. Tena sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 juu ya mazao na misitu inaomba alama za ramani za kila shamba, na shamba lisiwe limefyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mkipita shambani kuhesabu aina, chukueni na alama za ramani siku ile ile. Ni safari moja, kazi mbili.

Maswali ambayo wanamemba wanatuuliza

*«Mnunuzi mwenyewe ameomba tuandike Bourbon. Tukatae?»* Mwombeni aandike ombi lake, na mumjibu kwa fishi yenye hesabu ya mashamba. Kama hesabu inaonyesha Bourbon, andikeni. Kama haionyeshi, mwambieni hivyo mapema. Kesho sahihi ya chini ya hati itakuwa ya prezida wa koperative, haitakuwa ya mnunuzi.

*«Tumesikia Geisha inauzwa bei ya ajabu. Tupande?»* Geisha ilitoka misitu ya Ethiopia, ikapata sifa kule Panama mwaka 2004. Bei ile ilitoka kwa aina, mahali, uvunaji na uangalizi vyote pamoja. Miche yenye jina hilo inatembea sana, na si yote ni Geisha. Mbele ya kutafuta jina jipya, tutengeneze kwanza kahawa tuliyo nayo.

*«Na kama hatujui kabisa aina yetu?»* Andikeni «Arabica, Ituri», namba ya loti na mwaka. Hiyo ni etiketi kamili na ya kweli. Mwaka kesho mtakuwa mmepitia mashamba, mtaongeza neno moja.

Kazi ya msimu huu

Tunaomba kila koperative ifanye mambo manne mbele ya mavuno: kuchagua watu wawili wa kupitia mashamba, kufungua kaye yenye ukurasa wa kila mwanamemba, na aina aliyo nayo, kutenga meza mbili za kukaushia, moja ya aina iliyohakikishwa, moja ya mchanganyiko, na kukubaliana katika mkutano mkuu namna malipo ya loti hizo mbili yatakavyoachana. Hilo la nne lifanyike mbele ya kilo ya kwanza kupokelewa. Likingoja pesa zifike, litaleta ugomvi.

Sisi tutapita kuanzia na koperative zilizo karibu na barabara ya Bunia–Mahagi, tukiwa na picha za majani na matawi za kuwasaidia kutofautisha. Aliye na mti asioufahamu akate tawi lenye majani machanga siku ile ile tutakayofika, alete tulitazame pamoja.